Mstari Uliopunguza Genge la Mama

Mwaka ule serikali iliporuhusu watu binafsi kufanya biashara, kila mwenye uwanja kando ya barabara pale Mitwero alitaka kuuza kitu. Mama alitaka genge la mihogo na samaki wa kukaanga. Jirani yetu wa upande wa kulia, mama mmoja wa Kimakonde aliyeshuka kutoka uwanda wao wa juu, alitaka duka la sabuni na betri za redio. Ugomvi ukawa mpaka.

Kati ya nyumba zetu mbili palikuwa na kisiki cha mnazi, nacho wote wawili walikikubali. Lakini kutoka kisikini mpaka uende vipi hadi barabarani? Mama alifuata ukuta wa nyumba yetu, jirani alifuata ukuta wa nyumba yake, na barabara yenyewe ilipita mshazari.

"Basi mpaka uikute barabara sawasawa, kama ukuta unavyokutana na ukuta," jirani akasema.

"Sawa," Mama akajibu. "Binti yangu atatupimia. Yuko kidato cha tatu, hesabu hizo ndizo anazosoma."

Nilitamani ardhi inimeze. Wiki ileile, katika jaribio la mistari inayokutana kwa pembe mraba, nilikuwa nimepata tatu kwa kumi.

Nikachukua daftari la miraba. Kona ya mbele ya nyumba yetu, upande wa jirani, nikaifanya sifuri, kisha nikahesabu hatua, kwanza kwenda kulia, halafu kwenda mbele. Kisiki kilikuwa hatua kumi kulia na moja mbele. Barabara ilianzia hatua sita mbele ya kona, na kila nilipokwenda mbili kulia, yenyewe ilisogea mbele moja. Mteremko wake basi ni nusu. Nikakumbuka maneno ya mwalimu: pindua, cha juu kiwe chini. Nusu ikawa mbili. Nikakokotoa, nikahesabu hatua, nikachomeka kijiti.

Jirani akakitazama kijiti, akanitazama mimi.

"Mwanangu, hapa ndipo mlango wa duka langu. Mimi nihamie wapi?"

Alicheka mpaka akajishika kiuno. Mama hakucheka, ila niliona kijiti kile kimempendeza.

Nikarudi kwenye daftari, uso unawaka. Safari hii sikukariri, nilisimama barabarani nikatembea. Mbili kulia, moja mbele. Nikageuka robo duara kushoto, nikatembea vilevile: zile mbili sasa zilikuwa mbele, na ile moja ilikuwa kushoto, siyo kulia. Kushoto! Kumbe ile alama ya kutoa ambayo mwalimu alinizungushia kwa wino mwekundu kila mara, maana yake ndiyo hii. Mteremko ni hasi mbili.

Nikaandika upya mlinganyo wa mpaka unaopita kisikini: y ni sawa na hasi mbili x, jumlisha ishirini na moja. Nikaulinganisha na mlinganyo wa barabara, x ikatoka sita, y tisa, bila sehemu wala desimali. Nikachomeka kijiti hatua sita kulia na tisa mbele, nikavuta kamba hadi kisikini.

Mama alikuwa akitaka hatua kumi kwenye ukingo ule wa barabara. Nilikuwa nimempa sita.

"Una hakika?" akauliza polepole.

"Nina hakika, Mama."

Jirani, ambaye mwenyewe alikuwa amedai kijiti kikae kwenye hatua ya nne, akaingia ndani akatoka na ubao wa mlango mpya, bado haujapakwa rangi. Tukaulaza kwenye pembe, upande mmoja ukafuata barabara, mwingine ukafuata kamba. Ukakaa bila kuacha hata upenyo wa kidole.

Mama akauzunguka ule ubao mara mbili. Kisha akaguna, akaanza kucheka.

"Nimempeleka shule mwenyewe, akaenda kujifunza kunipunguzia genge!"

"Mpe maji mtoto," jirani akasema. "Ametuamua watu wazima wawili."

Jumatatu nilimwonyesha mwalimu daftari. Akalisoma, akanipa chaki, akaniambia nichore uwanja wetu wote ubaoni, pamoja na kisiki. Darasa zima likataka kujua kama Mama alinichapa. Hakunichapa. Genge lilijengwa jembamba, na jioni foleni ya mihogo ilipita mbele ya duka la jirani, naye akawauzia betri walipokuwa wakisubiri.