Benzi Safi Mno

Wakati wa utawala wa wanajeshi nilimsindikiza jirani yangu, Mkenya mwenye duka la jumla kwenye mtaa wa biashara wa Kikuubo, kwenda mtaa wa Bukoto kununua Benzi ya karani mstaafu. Gari lilikuwa la zamani, lakini ungeweza kujitazama kwenye mlango wake ukachana nywele. Mzee alikuwa akilipangusa kila asubuhi, hata siku ambazo halikutoka.

Jirani alisikiliza injini, akalipa, kisha akaomba nyundo.

"Ya nini, ssebo, bwana wangu?" mzee akauliza.

"Mzee, iko safi sana. Kesho napita kizuizi cha askari. Wakiipenda, nitarudi kwa miguu, kama nitarudi."

Mzee akaingia ndani, akatoka na nyundo. Lakini hakumpa.

"Wewe utavunja kitu ya maana," alisema. "Mimi najua pa kugonga."

Akaugonga mlango mara mbili, akakwangua rangi ya boneti. Halafu akatoa leso mfukoni, akapapangusa pale palipobonyea mpaka pakang'aa.

Tangu siku hiyo nikiona gari limebonyea, simcheki mwenyewe. Huenda hivyo ndivyo alivyolitunza.