Kikapu Kilichofumuliwa

Jana fundi alizungushia katani kwenye bomba la bafuni kwangu, akaipaka rangi ili maji yasivuje, na harufu ya katani ile ikanirudisha kwenye wodi ya wazazi kijijini kwetu Ngara. Ilikuwa wakati wa vita, madukani hakuna kitu, hata katani ya mafundi. Baba, fundi bomba wa kijiji, alikuwa akiunga shawa ya wodi hiyo kwenye bomba lililofukiwa ukutani. Kila akifungulia, maji yalichuruzika kwenye maungio na kulowesha matofali mabichi.

"Ukuta huu utaanguka," alisema, akaweka spana chini.

Mama alikuwa ameketi kando akimalizia kikapu cha katani cha harusi ya shangazi. Alikifumua palepale.

"Katani hii hapa. Funga tena."

Baba akaizungusha kwenye maungio, akakaza, akafungulia. Ukuta ukabaki mkavu. Mama akaingia chini ya maji na nguo zake, akapiga vigelegele, wodi nzima ikaitikia.