Jumapili Zangu na Kanga wa Edmonton

Niliitwa London kulea. Hilo liwe wazi tangu mwanzo, maana hapa Mafinga wapo waliosema nimekwenda kutembea. Binti yangu Upendo ni muuguzi, na likizo yake ya uzazi ilikuwa imekwisha. Mkwe wangu Joeli anafanya kazi kwenye ghala hata Jumapili. Mjukuu wangu Neema alikuwa na miezi tisa na meno mawili. Mimi ni mwalimu mstaafu na mjane, sina cha kunizuia ila kuku kumi na mmoja, nao nikawakabidhi kwa jirani. "Mama, njoo miezi sita tu," Upendo aliniambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyesahau usingizi ni kitu gani. Nikafunga sanduku: unga wa ulezi, dagaa, sweta mbili na kanga nne.

Mwishoni mwa Machi nilishuka kwenye ndege. Afisa wa uhamiaji aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamjibu, "Kumwona mjukuu."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine," nikasema, na siku hiyo ilikuwa kweli tupu.

Edmonton, kaskazini mwa London, wiki ya kwanza. Nyumba zimeshikana mabega mtaa mzima, kama watoto wanaoogopa kuvuka barabara. Watu walinionea huruma kwa baridi, lakini mimi ni wa Mafinga, baridi tunafahamiana. Kilichonitesa ni masharti ya Upendo. Nisisalimie kila mtu ndani ya basi. Nisimpe Neema uji wa moto. Nisiache simu nyumbani. Na kila Jumapili, yeye akiwa kazini, niende na Neema ibada ya Kiswahili, kina mama wa kwaya watanipokea.

Nilikwenda siku ya Pasaka. Walinipokea vizuri sana, wakanikumbatia, wakanilisha pilau, kisha wakaniweka sauti ya tatu. Mimi naimba sauti ya kwanza tangu darasa la nne. Nilinyamaza kwa heshima ya siku, lakini moyoni nilikwisha kuondoka.

Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, nilikuwa nasukuma kigari cha Neema kuelekea kanisani, tena polepole, nikakatiza kwenye uwanja wa wazi. Nikasikia kishindo kama cha mtu anayepasua kuni. Kumbe ni besiboli. Mmoja anarusha mpira kwa nguvu zote, mwenzake anausubiri na rungu. Akiupata, anatimua mbio kuzunguka vituo vitatu hadi arudi pale alipoanzia, na pale panaitwa nyumbani. Wengine wanahangaika kuudaka mpira ili wamtoe. Nikasema, ala, hii ni rede iliyosomeshwa! Na rede, ule mchezo wa mpira wa watoto wa shule, niliifundisha miaka thelathini, filimbi shingoni.

Timu ya pale ina jina la yule ndege kanga. Fulana zao ni nyeusi zenye madoa meupe, na uchezaji wao, niseme kweli, ulikuwa wa kuku. Siku hiyo walifungwa hadi nikawaonea haya. Lakini mmoja alipoupiga mpira ukavuka miti, nilijikuta nimepiga vigelegele. Uwanja mzima uligeuka. Nahodha wao, fundi bomba mnene aitwaye Gavin, aliniletea kiti cha kukunja.

"Wewe ni shabiki wetu wa pili," akasema.

"Wa kwanza ni nani?"

"Mke wangu. Naye leo hakuja."

Nilikaa hadi mwisho. Jioni Upendo aliniuliza ibada ilikuwaje. "Ndefu," nikamjibu. Neno moja tu. Uongo wenye neno moja hauna pa kujikwaa.

Mwezi wa tano, Kilburn. Timu ikisafiri, shabiki naye husafiri. Nilipanda treni na Neema, nikabadilisha mjini, nikateremka Kilburn na kigari kwenye ngazi, vijana wawili wakinisaidia. Kanga walifungwa. Wiki mbili baadaye wakafungwa tena kwenye uwanja ambao hata jina lake silikumbuki kwa uchungu. Mimi nilizidi kuwapenda. Mwalimu hana ugonjwa mwingine: akiona darasa linashika mkia, hawezi kulala. Nilijifunza majina yao wote, nikawa nawaita mmoja mmoja. Kutwa nilikuwa nikiongea Kiingereza cha kubembeleza. Pale uwanjani nilifoka kwa Kiswahili changu, na hapakuwa na wa kunielewa. Ndivyo nilivyodhani.

Mwezi wa sita, Kingsbury. Jua lilikuwa limekubali kutoka. Mwamuzi wa siku hiyo alisimama nyuma ya mdakaji, amevaa kile kinyago cha nyavu wanachovaa, na kila mpira wa mashaka aliwapa wapinzani. Nikavumilia kidogo. Kisha nikasimama.

"Mwamuzi! Kinyago hicho umekiazima kwa warina asali?"

Gavin alinipungia mkono kwa furaha. Yeye alidhani nawaombea.

"Mwamuzi, hata kuku wangu wa Mafinga anaona kukushinda wewe! Tena yule chongo!"

Niliendelea hivyo kwa muda mrefu, nikiwa na raha ambayo sijaipata tangu nistaafu. Ghafla mwamuzi akainua mkono, akasimamisha mchezo. Akatembea taratibu hadi kwenye kiti changu na kuvua kinyago. Alikuwa Mhindi wa makamo, nywele nyeupe, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba," nikajibu. Nifanyeje? Shikamoo haikataliwi.

"Huyo kuku wako chongo yuko wapi? Nataka nimwajiri."

Laiti ardhi ingepasuka! Nilitazama chini, nikarekebisha kofia ya Neema ambayo haikuwa na tatizo lolote. Yeye akavaa kinyago, akarudi kazini. Kanga walifungwa, nami sikutoa sauti hadi mwisho.

Baada ya mchezo alinifuata. Jina lake Kirit, mzaliwa wa Tanga, aliondoka akiwa kijana na hakuwahi kurudi kuishi. Kiswahili chake kilikuwa safi cha pwani, ila cha zamani, kimekaa kabatini. "Miaka mingi sijatukanwa vizuri namna ile," akasema. "Twende nyumbani ukanywe chai, mke wangu akusikie." Mkewe, Bi Kusum, alitupa kachori na chai ya tangawizi, akacheka kuhusu kinyago hadi akafuta machozi. Tangu siku hiyo kila mchezo uliochezwa upande ule ulimalizikia mezani kwao. Neema alijifunzia kutembea kwenye zulia la Bi Kusum, na nyumbani nikasema ametembea kwenye zulia la kanisa. Mnaona? Neno moja lilikwisha kuzaa.

Mwanzoni mwa Septemba, Edmonton. Mchezo wa mwisho: Kanga wakishinda wanabaki, wakifungwa wanashuka daraja. Bwana Kirit ndiye aliyekuwa mwamuzi. Nilijifunga kanga moja, nikaipunga nyingine. Simu ililia katikati ya kelele. Upendo.

"Mama, uko wapi?"

"Tuko kwenye maombi, mwanangu."

"Straiki!" akapaza sauti Bwana Kirit kwa mpigaji aliyekosa mpira.

Kisha simu ikakatika. Upendo hakuwa kazini. Alikuwa amebadilishana shifti, akaoka keki, akaenda kanisani kunifanyia sherehe ya kuniaga pamoja na kina mama wa kwaya. Nao wakamwambia, "Mama yako? Tangu Pasaka hatujamtia machoni." Simu yangu, ambayo alinikataza kuiacha nyumbani, ndiyo inayomwonyesha nilipo. Dakika ishirini baadaye alikuwa mbele yangu na gauni lake la kanisani, na hakufoka. Angefoka ningejua la kufanya.

"Miezi mitano, Mama," akasema. "Na mwanangu. Kuna siku ningewaambia watu wamtafute mahali ambapo hayupo."

Timu zilikuwa zinabadilishana zamu ya kupiga, na Bwana Kirit alikuwa amesogea kunywa maji. Nilimgeukia kama anayezama.

"Bwana Kirit, mwambie mtoto alikuwa salama. Mwambie tulikuwa kwenu."

Alimtazama Upendo, akanitazama mimi. "Mama," akasema kwa upole, "mimi nilidhani wanajua. Hapo huna haki."

Nilifungua mdomo kubisha, kwa mazoea. Nikamwona Upendo akimfunga Neema mkanda wa kigari, kisha akaufungua na kuufunga upya. Nikaufunga mdomo.

Tuliondoka. Yeye alisukuma kigari, mimi nilimfuata nyuma na kiti cha Gavin mkononi, nimesahau kukirudisha. Tulipofika barabarani, mlipuko wa shangwe ulitoka uwanjani. Sikugeuka. Baadaye Bwana Kirit alinipigia: Kanga wameshinda, wamebaki. Ni mchezo pekee walioshinda nyumbani msimu mzima, na ni mchezo pekee ambao sikuuona ukimalizika.

Siku tatu Upendo aliongea nami kwa habari za nepi tu. Siku ya nne, nikikatakata mchicha, akasema, "Ungeniambia tu."

"Ungenikataza."

"Ndiyo, ningekukataza. Halafu ungenibishia, halafu ningekubali. Mimi nakujua, Mama. Ulidhani nani kanifundisha ubishi?"

Nikamwomba radhi. Haikuwa rahisi, mimi na kuomba radhi hatujazoeana.

Jumapili yangu ya mwisho palikuwa na mchezo wa kirafiki Kingsbury. Nilivaa viatu, nikasimama mlangoni. "Upendo, naaga. Nakwenda kwenye besiboli. Neema namwacha."

Alitazama saa. "Saa kumi uwe umerudi."

Nilirudi saa kumi na nusu, kwa sababu ya kachori. Chakula changu kilikuwa kimefunikwa mezani. Upendo hakuuliza saa. Aliuliza, "Nani kashinda?" Nikamweleza kila kitu, hata makosa ya mwamuzi, na Joeli akaja kukaa nasi kusikiliza.

Nimerudi Mafinga salama. Kuku ni tisa. Jirani ana maelezo yake. Mmeniuliza nimejifunza nini Ulaya. Nimejifunza kwamba mtu mzima haombi ruhusa, lakini huaga. Mimi nilidhani kuaga na kuomba ruhusa ni jambo moja, na kwa kosa hilo nilimwogopesha mwanangu. Upendo anataka nirudi mwezi wa nne. Nimekubali, na safari hii nimemwambia na sababu: ndipo msimu wa Kanga unapoanza.