Wiski ya Mahindi

Sisi wa Virginia tunakunywa bourbon. Wa Laurel, kule Maryland, wanakunywa wiski ya rye, ile nafaka jamaa ya ngano. Wakenya wa Wheaton, huko huko Maryland, hasa waliokwisha kupita umri wa kuitwa vijana, hawatambui chochote ambacho hakikutoka Uskoti. Hakuna aliyetugawia pande hizi. Mtu anafika Marekani hajui hata tofauti, anapanga chumba Falls Church, upande wa Virginia, kwa sababu kazi ya kompyuta iko huko, na baada ya miaka michache utamkuta anabishana kuhusu mapipa ya mwaloni mpaka mishipa ya shingo imemsimama. Nilikuwa hivyo. Ubishi ule niliupenda sana, na ndio ulionikosesha mwanamke niliyetaka kumuoa.

Kijiwe chetu kilikuwa Laurel, kwa mzee mmoja wa Moshi aliyestaafu kazi ya ulinzi kwenye majengo ya serikali. Jumamosi mchana alitoa viti barazani, akachoma nyama, kila mtu akaja na chupa yake na maneno yake. Mzee alikuwa mtu wa rye. Alikueleza jinsi Maryland ilivyosifika kwa rye zamani, kwa uchungu kabisa, utadhani babu yake alizaliwa Baltimore. Bourbon aliiita soda ya watu wazima. Sisi wa Virginia tulimjibu kwamba hata Kentucky, wanakojidai kwa bourbon, zamani ilikuwa sehemu ya Virginia, kwa hiyo heshima ni yetu. Wakenya walituangalia kwa huruma, kama wanaotazama watoto wanaogombania ringi ya baiskeli.

"Hii yenu ni chang'aa imevaa suti," mmoja wao alipenda kusema, akinyoosha kidole kwenye glasi yangu.

Walicheka wote, nami nilicheka. Hakujua ameukaribia ukweli kiasi gani. Bourbon kwa sheria ya nchi hii lazima zaidi ya nusu yake iwe mahindi. Mara ya kwanza nilipoinusa, kwenye sherehe ya kumuaga mfanyakazi mwenzetu ofisini, niliiweka glasi chini nikatoka nje. Chini ya ile harufu ya sukari iliyoungua kulikuwa na harufu nyingine, na hiyo niliijua tangu utoto.

Nyumbani kwetu Tabora, nyuma ya karakana ya reli, mama alipika gongo, ndiyo hiyo Wakenya wanayoiita chang'aa. Pumba za mahindi, sukari guru, hamira, pipa lililozibwa kwa udongo, mrija uliopita ndani ya beseni la maji. Alipika uani, sikio moja kwenye pipa na jingine barabarani, kwa sababu polisi walikuwa hawabishi hodi. Mara ngapi nimemwona akimwaga kazi ya siku nzima kwenye shimo la takataka, kisha akakaa mlangoni anachambua mchicha kama mtu asiye na habari. Gongo ndiyo iliyonivisha, ikanisomesha, ikanifikisha huku. Nami nimekuja kuishi mahali ambapo pombe kali inauzwa na serikali yenyewe, dukani, kwenye rafu zilizopangwa vizuri, na muuzaji anakufungia kwenye mfuko wa karatasi na kukutakia siku njema. Nilipomsimulia mama kwenye simu alicheka mpaka akakohoa.

"Na wao wanaziba kwa udongo?" aliniuliza.

Basi nikawa mtu wa bourbon, na kwa ukali kuliko wenzangu. Wao walitetea ladha. Mimi kila nilipoinua glasi nilimwona mama ameinama motoni, macho yakimtoka machozi kwa moshi, na aliyeicheka bourbon mbele yangu alikuwa anamcheka yeye.

Mwanamke ninayemsema alikuwa Mkenya wa bara, muuguzi, akiishi kwa baba yake Wheaton. Hakuwa anakunywa. Alikuja kijiweni siku moja kumchukua binamu yake aliyekuwa amelewa, akaishika glasi yangu, akainusa, akakunja pua. "Hii kitu inanuka githeri ya juzi," alisema, yaani makande. Wote walifurahi kwamba nimetukanwa. Mimi nilifurahi zaidi, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuyasikia mahindi mle ndani bila kuambiwa.

Nilimpenda vibaya sana. Alipokuwa anatoka kazini nilimngoja nje ya kituo cha treni cha Wheaton, juu kabisa, pale ngazi ya umeme inapoishia. Ngazi ile ni ndefu haijapata kutokea. Nilikuwa naanza kuona kitambaa cha nywele, halafu paji la uso, halafu macho yaliyochoka yakinitafuta, halafu tabasamu. Sijui kama kuna kitu kingine nilichowahi kukitazama kwa hamu kama ile. Tulikwenda kununua viazi vya kukaanga pale kwenye maduka makubwa, tukakaa tunabishana kama ni "nimekuja" au "nilikuja", yeye na Kiswahili chake, mimi na changu.

Na alimpenda mama. Walizungumza kwenye simu hata nisipokuwepo. "Mum, nikikuja huko utanifunza kupika hiyo gongo yako?" alimuuliza, na mama akajibu, "Ishia hapo hapo, mwanangu. Ukija huku utakula mlenda na kulala." Mama alimwita mkwe kabla mimi sijathubutu kumwambia mtu yeyote kwamba nataka kuoa.

Nilipothubutu, yule mzee wa Laurel akakubali kuwa mshenga wangu. Akanieleza utaratibu wa ukweni. Wazee wa kule hupelekewa chupa ya wiski. Ndiyo salamu yao, na mazungumzo hayaanzi mpaka ipokelewe.

"Peleka ya Uskoti," alinionya. "Mimi ni mtu wa rye mpaka kaburini, lakini ukweni hapapelekwi ushabiki."

"Wiski ni wiski, mzee."

"Ndivyo unavyosema Jumamosi?"

Sikumsikiliza. Nilikwenda duka la serikali hapa Falls Church nikachagua bourbon nzuri kuliko zote walizokuwa nazo, iliyolazwa ndani ya kisanduku cha mbao. Mama hakuweza kuja kunisemea, na mimi nilitaka kitu chake kiwe mezani.

Tulifika Jumapili, baada ya ibada. Nyumba ilinukia chapati. Baba yake alikuwa amevaa koti, amekaa na wadogo zake wawili, na jikoni nilimsikia binti mwenyewe akicheka na shangazi zake. Mshenga akaongea vizuri, akataja tulikotoka na tulichokuja kutafuta, akaweka kisanduku mezani. Baba yake akakifungua, akavaa miwani, akasoma maandishi ya chupa taratibu mpaka mwisho.

"Hii wametengeneza na nini?" aliuliza.

"Mahindi, mzee mwenzangu," mshenga alijibu. "Na nafaka nyingine kidogo."

Mzee akavua miwani. Akairudisha chupa kwenye kisanduku chake, polepole, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Nitawaambia ukweli," akasema. "Mdogo wangu alikunywa chang'aa ya mahindi usiku, akaamka haoni. Hiyo wiki haikuisha kabla tumzike. Tangu hiyo siku, pombe ya mahindi haiingii kwa nyumba yangu. Kijana hakujua, sina ubaya na yeye. Hapo chini kuna duka ya pombe ya kaunti, iko open. Wacha aende alete Scotch, sisi tutangoja. Chakula haijapoa."

Naweza kuyarudia maneno yake yote, na sioni tusi hata moja. Siku ile nilisikia neno moja tu, haiingii. Mshenga alinikanyaga mguu, maana mposaji hatakiwi kusema kitu, kazi yake ni kuinamisha kichwa. Nikasema.

"Mama yangu amepika gongo ya mahindi maisha yake yote na hajaua mtu. Kama mahindi hayaingii humu, basi na mimi siingii."

"Kijana," mmoja wa wale wadogo zake akasema, "hakuna mtu ametaja mama yako."

Kweli hakuna aliyemtaja. Nilichukua kisanduku changu nikatoka. Nyuma yangu nilimsikia mshenga akiomba radhi.

Binti alinikuta kwenye maegesho, mikono yake ina unga mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amevaa kitenge kipya, ambacho nadhani alikinunua kwa ajili ya siku hiyo.

"Si uende tu ubuy hiyo ingine?" aliniambia. "Ni hapo tu!"

"Baba yako amemtukana mama yangu."

"Baba hajui mama yako! Ni mimi namjua." Akanyoosha mkono wenye unga. "Nipe funguo, niende mimi."

Nikamwambia suala si chupa. Akaniuliza ni nini, watoto wa jirani wakitutazama kutoka kwenye baiskeli zao. Nikaingia garini. Alibaki amesimama na ule mkono ameunyoosha bado. Namwona hivyo mpaka leo.

Nilingoja baba yake anipigie. Yeye, nilikuja kuambiwa, alikuwa akingoja nirudi, na kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili. Mshenga alinifuata mara nyingi. Alinibembeleza, akanifokea, mwishowe akaacha kuitaja habari hiyo na kijiweni akaniwekea nyama kwenye sahani bila kuniangalia. Kisha yule mwanamke akachukua kazi hospitali moja Texas, na baadaye nikasikia ameolewa huko huko. Kijiweni watu waliendelea kugombania rye na bourbon, na mimi niliendelea kwenda kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Wakisema chang'aa imevaa suti, niliinuka kwenda kugeuza nyama.

Nina hamu naye. Sina namna nyingine ya kulisema. Nikiwa kwenye foleni ya magari pale Beltway, barabara kuu ya mzunguko, natamani mtu wa kubishana naye kama ni "nimekuja" au "nilikuja". Wheaton siendi. Nikilazimika kwenda, siangalii upande wa kituo.

Mama sikumwambia, nikamwacha aamini tunaishi pamoja. Alipouliza mkwe wangu hajambo, nilisema hajambo, anakusalimia. Alipouliza mbona hapigi, nilisema zamu za usiku. Nilianza kutunga salamu. Anasema umwekee karanga za Tabora. Anasema kikohozi chako ukakipime. Nilizitunga kwa sauti yake, na "si" zake zote, na sitaficha kwamba wakati ninazitunga nilikuwa na raha, kwa sababu ndani ya simu ile alikuwa bado wangu, yuko jikoni, atakuja sasa hivi kuichukua simu mwenyewe. Miezi ilipita hivyo, ikawa zaidi ya mwaka.

Siku moja mama akasema, "Nipe yeye niongee naye. Kama amelala, mwamshe."

Nikashindwa. Nikamweleza kila kitu, kisanduku, marehemu mdogo wa baba yake, mahindi, nilivyosimama nikamtaja mama mwenyewe mbele ya watu wazima. Nadhani nilipofika hapo sauti yangu ilipanda kidogo. Nilitegemea ataniita baba, kama anavyofanya nikimfurahisha.

Kwa mbali nilisikia redio ya jirani yake.

"Duka lilikuwa mbali?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Lilikuwa limefungwa?"

"Lilikuwa wazi."

Nilimsikia akivuta pumzi, akiachia, akivuta tena.

"Mimi ningeenda," akasema. "Ningeenda kwa miguu."