Kibanja na Kiwanja

Maganda ya ndizi yakirundikwa na kunyeshewa mvua hutoa utamu fulani wa kuchefua, harufu inayoingia puani kama pombe na kushuka kooni kama mzoga. Ongezea manyoya ya kuku, utumbo wa mbuzi, makapi ya rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na mkojo wa walevi walioinywa. Hapo utakuwa umepata uvundo wa senta yetu nilipokuwa msichana wa miaka kumi hivi, mwishoni mwa miaka ya themanini. Hakuna harufu inayonirudisha nyumbani upesi kama hiyo, na inaniudhi kwamba ni hiyo. Wenzangu wakikumbuka utoto wao husimulia maua ya mibuni. Nasi tulikuwa na mibuni, na ilichanua vizuri tu, lakini nikitafuta harufu yake kichwani napata ile nyingine.

Senta yenyewe ilikuwa njiani, ukitoka Omurushaka kuelekea Kyerwa: maduka machache, hoteli za chai na ndizi za kupika, bucha moja. Nyuma ya maduka ndipo kilipokuwa kibanja chetu. Kwa asiye mtu wa kwetu, kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ingawa kukiita shamba ni kukipunja, maana tuliishi ndani yake. Kila jioni akina mama wa hoteli walikuja na makarai ya maganda, wakiita tangu mbali, "Mama Koku, tumewaletea watoto wako chakula!" Watoto ndiyo hiyo migomba. Mama aliwapokea akicheka, akayatandaza maganda mashinani, juu yake samadi, juu ya samadi nyasi kavu, kisha akawakatia majani mabichi ya kufunikia vyungu vyao. Utumbo wa buchani nao ulifukiwa humo humo. Chini ya kibanja, bondeni, palikuwa na chemchemi iliyoinywesha senta nzima. Tulipotoka shule tuliinama tukanywa kwa viganja.

Kisha tukaitwa mkutanoni. Bwana mipango, kijana mwenye viatu vya kung'aa, alipanda juu ya benchi akatangaza kwamba senta yetu sasa inakuwa mji, na kila mwenye ardhi atapimiwa kiwanja. Mama Kiswahili alikijulia ukubwani. Nyumbani tulisema Kinyambo. Alisikia kibanja. Wenzake wengi walisikia hivyo hivyo, wakapiga vigelegele hadi yule bwana akajiona mkombozi. Baba, aliyewahi kufanya kazi Bukoba na aliyejivunia Kiswahili chake, alicheka njia nzima.

"Ulikuwa unashangilia nini wewe? Amesema kiwanja. Mahali pa kujenga."

"Na migomba je?"

"Mji gani una migomba? Umewahi kuiona Bukoba mjini?"

"Nimeiona. Hata nyuma ya kanisa ipo."

Baba aliongeza mwendo. Alikuwa ameshaiona nyumba ya wageni kichwani mwake, yenye jina lake ukutani kwa rangi ya buluu, na mtu akishafika hapo huwezi kumwonyesha kitu kingine.

Wapimaji walikuja wakachimbia bikoni zao za saruji, zile alama za mipaka, katikati ya mibuni. Nyuma yao likaja agizo: migomba yote ndani ya mji ikatwe, kwa kuwa inaficha wezi, inafuga mbu, na inaufanya mji uonekane kijiji. Mama alimwomba Baba abakize tu ile ya upande wa chemchemi, ishike udongo. Alimwomba akiwa amepiga magoti, mbele yetu watoto. Baba alisema hawezi kuwa wa kwanza kuvunja sheria za mji, akaleta vijana wenye mapanga. Kufikia mchana nyumba yetu ilikuwa imesimama uchi. Choo chetu kilionekana tangu barabarani, na Baba alisimama kando yake mikono kiunoni, amefurahi kama bwana harusi.

Hoteli hazikuacha kupika. Jioni ile ile akina mama walikuja na makarai yao kama kawaida, wakasimama palipokuwa na migomba, wakatazamana, wakamwaga. Wangemwaga wapi? Kwenye ule mchoro wa mji kulikuwa na kiwanja cha mpira na kituo cha mabasi, lakini hakuna aliyekumbuka kuchora mahali pa ganda la ndizi. Mvua ziliposhuka lundo lilikuwa limefika usawa wa dirisha letu. Funza walipanda ukuta. Nilikula nikiwa nimefumba macho, maana nzi walitua kwenye tonge kabla halijafika mdomoni. Udongo mtupu uliteremka bondeni na kila uchafu uliokuwa juu yake, na chemchemi ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Mama aliyachuja maji kwa kipande cha kanga, akayachemsha, na bado mdogo wangu aliharisha mpaka macho yakazama. Alipona. Lakini tangu hapo Mama hakumsemesha Baba ila kwa jambo la lazima.

Bwana mipango akarudi kukagua. Baba alimketisha kwenye kiti chetu kizuri, madirisha yamefungwa kuzuia nzi, akaagiza mgeni aletewe maji ya kunywa. Mama alishuka bondeni mwenyewe. Safari hii hakuchuja wala kuchemsha. Aliweka bilauri juu ya sahani, akapiga magoti, akainyoosha kwa mikono miwili kwa heshima zote.

"Karibu maji, bwana."

Mgeni aliinua bilauri, akaitazama. Ndani yake unyoya wa kuku ulikuwa ukizunguka polepole.

"Mama, maji gani haya?"

"Ya kiwanja," Mama akajibu.

Alielewa, nilimwona. Alirudisha bilauri mezani, akasema mradi wa bomba uko njiani, akaomba soda. Baba alikimbilia dukani mwenyewe. Nimeona funza wengi maishani, lakini hakuna kinachonitia kinyaa kama ile soda: mtu alijua, akanywa hadi chupa ikalia, akajifuta mdomo, akashukuru kwa ukarimu, akaenda zake.

Siku chache baadaye Mama alichimbua machipukizi yaliyokuwa yakijitokeza kwenye visiki, akayafunga kwa kamba, akambeba mdogo wangu mgongoni, nasi tukapanda lori la kahawa hadi Kamuli kwa kaka yake. Baba alidhani atarudi. Mama alipanda machipukizi yale na hakurudi. Baba alibaki na mji wake, na nyumba ya wageni iliyoishia usawa wa madirisha.

Siku hizi naishi Bukoba. Majuzi nilialikwa kwenye semina, mtaalamu akatuonyesha picha ukutani: miji ya kijani, taka zirudi udongoni, miti ilinde vyanzo vya maji. Alizungumza kana kwamba jambo hilo limevumbuliwa juzi. Tulipomaliza, chupa zetu za maji zilitupwa mtaroni nyuma ya ukumbi, na mimi nikaondoka zangu. Kule senta lundo lipo bado, sasa lina mifuko ya plastiki na nepi. Bomba lilikuja, likakauka. Ningependa kuwacheka, ila na mimi nyuma ya nyumba yangu nimemwaga saruji ukuta hadi ukuta, kwa sababu inafagilika vizuri.

Mama alipokuja kunitembelea alimenya ndizi za mchana, akatoka nje na maganda mikononi. Nilimsikia akiizunguka nyumba, kisha akaizunguka tena. Akarudi na maganda yake.

"Koku, kibanja chako kiko wapi?"

"Mama, hiki ni kiwanja."

Nikamwonyesha ndoo yenye mfuniko. Aliifunua, akaziba pua kwa kitenge, akaifunika taratibu kama anayefunika maiti. Asubuhi nilipomsindikiza stendi mfuko wake ulikuwa mzito kuliko alivyokuja nao, na kondakta alipotaka kuurusha juu ya basi Mama alikataa, akaupakata. Nilisimama pale mpaka basi likaondoka, likiyapeleka maganda yangu Kamuli.