Fundi anayetaka kuuamini mshono wake

Saa moja asubuhi, upepo bado haujachangamka. Kwenye uwanja wa nyasi fupi nyuma ya chuo cha michezo ya majini, mwanamke wa miaka arobaini na tisa amesimama katanua miguu kama mtu anayesubiri kutwishwa gunia. Kavaa suruali ya mumewe na kofia ngumu ya pikipiki. Mikononi ameshika fimbo fupi, na kutoka kwenye fimbo hiyo nyuzi mbili zinapanda mita ishirini hadi kwenye tiara nyekundu, ndogo, pana kama shuka la kitanda kimoja.

"Mama, unaangalia nini?" anauliza mwalimu wake, mwanamume wa miaka thelathini na kitu.

"Naangalia tiara."

"Huangalii tiara. Unakagua mshono."

Anacheka, maana ni kweli. "Pindo la kushoto limeshonwa ovyo," anajitetea. "Aliyelishona alikuwa na haraka zake."

Kabla hajamaliza, tiara inayumba, inageuza kichwa na kujibamiza chini. Hiyo ni mara ya nne asubuhi hii.

Watu wanamwita Mama Turubai. Kwa miaka ishirini na miwili ameshona maturubai ya malori kwenye chumba chenye mashine mbili, anachogawana na wifi yake. Wifi anakata, yeye anashona. Turubai moja la lori huwachukua siku mbili, na likishashonwa halichezewi.

Miaka mitatu iliyopita chuo kilimpelekea tiara iliyochanika. Si hii ya mazoezi. Ni ile kubwa ya kutosha kufunika chumba, inayomvuta mtu aliyesimama juu ya ubao mpaka anateleza majini kama chombo cha injini. Aliishona, wakaleta nyingine. Hadi mwaka jana alikuwa anashona tano au sita kwa mwezi.

Kisha ikaja siku ya muuguzi.

Muuguzi huyo alikuwa likizo, akakodi tiara ya buluu. Mita mia tatu kutoka ufukweni, kiraka alichokiweka Mama Turubai kikafumuka. Tiara ikalegea na kuanguka majini. Muuguzi aliogelea dakika arobaini akikumbatia ubao, hadi boti ya chuo ilipomwona. Alitolewa akiwa hoi, lakini mzima.

Ile tiara iliporudishwa karakana, Mama Turubai aliliona kosa kabla hawajaikunjua yote.

"Niliishona kama turubai," anasema. "Turubai ukitaka lidumu, unabana mshono, tundu jirani na tundu. Sasa kile kitambaa ni chepesi, matundu yakizidi yanakimaliza. Nilikitoboa kama karatasi ya stempu. Uzi wangu haukukatika, bado ulikuwepo mzima. Kilichochanika ni kitambaa, palepale nilipokazania."

Muuguzi hakudai chochote. Wiki moja baadaye alipita karakana, akasimama mlangoni, akauliza: "Na wewe, tiara imewahi kukuvuta?"

Mama Turubai akainamia mashine yake. Muuguzi akaaga kwa upole, akaondoka.

"Bora angenitukana," anasema. "Angenitukana ningelala."

Tangu siku hiyo hajatoa tiara hata moja. Saba zilizochanika ziko kwenye rafu, zimekunjwa. Ile ya buluu ameifumua na kuishona upya kwa uzi mwembamba na mishono iliyoachana, lakini hataki mtu aiguse. Anasema haendi kumkabidhi mtoto wa watu kitu ambacho yeye mwenyewe hajakitegemea, ndiyo maana ameamua kujifunza kuirusha. Chuo kimemsubiri miezi minane. Mwisho wa mwezi huu subira inaisha, na zile saba zitapelekwa kwa fundi mwingine.

Tatizo ni kwamba chuoni hakuna anayeingia majini bila kufaulu kwa tiara ya mazoezi. Sharti ni kuirusha dakika kumi bila kuiangusha, na mwalimu akipiga kelele "Achia!", unaachia fimbo papo hapo. Kuna mkanda kwenye kifundo cha mkono. Ukiachia, mkanda huvuta uzi mmoja tu, na tiara hukosa nguvu ikaanguka.

"Kwa wengine hilo ni somo la dakika moja," anasema mwalimu. "Huyu mama ameshindwa siku tatu. Ukimwambia achia, ndiyo kwanza anakaza."

Jumanne iliyopita upepo ulikuja wa ghafla. Mwalimu akapiga kelele. Mama Turubai akaivutia fimbo kifuani kwa mikono miwili, vilevile anavyozuia turubai zito mashine inapotaka kukimbia nalo. Aliburutwa mita sita kwa magoti.

Wifi yake, aliyekaa pembeni na chupa ya chai, hashangai. "Huyu akishika kitu ameshika. Kaka yangu alijaribu kumkimbia siku za uchumba, akashindwa."

"Wifi, nyamaza."

"Nimenyamaza. Ila kabla hujapaa, nirushie funguo za karakana."

Saa mbili upepo umekaza. Tiara inapanda tena. Safari hii mwalimu anasimama mbele yake. "Usitazame juu. Nitazame mimi. Niambie, wifi yako amekula nini asubuhi?"

"Amekula changu na chake."

"Uongo huo!" wifi anapayuka.

Wote watatu wanacheka, na katikati ya kicheko tiara inaanza kuandika nane angani, polepole, bila kutazamwa. Dakika nne zinapita. Saba. Tisa. Ya kumi inapotimia, upepo unapiga.

"Achia!"

Vidole vinakaza. Anaburutwa hatua moja, mbili.

"Achia, mama!"

Vidole vinafunguka. Fimbo inamtoka, na tiara inaanguka kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Anabaki anaitazama mikono yake.

"Nimekuita mara mbili," mwalimu anasema. "Tunarudia."

Wanarudia. Mara hii anaachia kwa mwito wa kwanza. Wanarudia tena, na anaachia neno halijamaliza kutoka mdomoni mwa mwalimu.

Jumamosi ataingia majini, karibu na ufuko, boti ikiwa ubavuni. Mwalimu alitaka kumpa tiara mpya ya chuo. Amekataa. Anataka ile ya buluu.

"Nikirudi kwa kuogelea, basi hiyo kazi si yangu, waje wachukue zile saba," anasema huku akikunja tiara nyekundu na kulipapasa lile pindo la kushoto. "Nikirudi nimesimama, Jumatatu naanza kuzishona. Ila kabla ya hapo nitampigia muuguzi. Aliniuliza swali, bado sijamjibu."