Magunia Sita ya Matobolwa Kwenda Mwakitolyo

Niliondoka nyumbani Ibadakuli kwa sababu mvua zilikuwa zimekaribia. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, hayapatani na unyevu, na mlanguzi anayetujia kila mwaka na lori lake analijua hilo vizuri. Hungoja wingu la kwanza, ndipo ataje bei. Safari hii niliwaomba akina mama wa jumuiya yetu ya sala wanikabidhi gunia moja kila nyumba, nikawauzie mwenyewe wachimbaji wa dhahabu wa Mwakitolyo. Nyumba tano zilikubali. Ya sita ni yangu. Mama Doto, ambaye ni mjane, alinipa gunia lake la pekee.

"Mzee, likirudi sitakulaumu," alisema. "Ila mwakani nitampa mlanguzi bila hata kungoja wingu."

Alfajiri ya Jumanne tulisali, tukapakia kwenye gari la kukodi. Kila gunia nililifunga kamba ya rangi yake, ili la mtu lisichanganyike na la mwingine. Tulipopita Solwa jua lilikuwa limepanda. Dereva, mtu wa maneno machache, aliniuliza nitauzaje. Nikamwambia kwa gunia, au kwa debe.

"Mchimbaji hana ghala, mzee wangu. Ana mfuko wa koti."

Nilimshukuru. Njiani tukasimama, nikanunua bakuli moja la plastiki la kupimia.

Saa nne tuliingia Mwakitolyo. Mashine za kusaga mawe, wao huziita karasha, zilikuwa zikinguruma, na vumbi limekaa juu ya kila kitu. Nilifikia kwa Mama Kulwa, mwenye banda la chakula, mzaliwa wa kwetu aliyeolewa huko. Aliniamkia, akanipa kivuli, akanishauri nipumzike kwanza. Wateja wako shimoni, alisema, hutoka saa nane.

Saa nane walitoka, weupe kwa vumbi hadi kope. Nikafungua gunia la kwanza, lenye kamba nyekundu, ambalo ni langu. Wakati ule sikujiuliza kwa nini nimeanza na la kwangu.

Nyumbani matobolwa tunayaosha, tunayachemsha na karanga. Hawa huyatafuna makavu, kwa kuwa shimoni hakuna jiko. Kijana mmoja wa mabega mapana alitia kipande mdomoni. Taya likasimama. Akatema kiganjani, akakitazama kama anayekagua jiwe.

"Guku," aliniita, yaani babu kwa Kisukuma, "mchanga huu umeutoa shimo gani? Tuupeleke karasha, huenda una kitu."

"Muulize kwanza kama ana leseni," mwenzake akadakia.

Walicheka, wakaanza kuondoka. Nikamfikiria Mama Doto.

Kwetu tunaanika juu ya majabali. Viazi vikiwa bado vinanata, upepo huleta mchanga, nao hukaa. Miaka yote mlanguzi alibeba vile vile na hakutuambia neno. Kwake ilikuwa sababu nyingine ya kushusha bei.

Nikasimama. "Wanangu, ni kweli. Gunia hili ni langu na lina mchanga. Ngojeni niyaonje mengine mbele yenu."

Nilifungua moja baada ya jingine, nikatafuna kwa meno niliyobakiwa nayo. Moja lilikwaruza kama langu, nikalitenga. Manne yalikuwa safi, na la Mama Doto safi kuliko yote. Yeye huanika kwenye turubai juu ya paa.

"Guku, utaumaliza mzigo peke yako," yule kijana alisema. Akaonja la Mama Doto, akatafuna hadi mwisho, kisha akavua kofia yake ngumu akaniambia nijaze humo.

Kufikia Jumatano jioni yale manne yalikuwa yamekwisha kwa bakuli. Mama Kulwa akachukua mawili yenye mchanga, ya kuosha na kupika. "Lakini baba, bei ya mchanga sikulipi," alisema. Nikaona ni haki.

Alhamisi nilirudi. Kabla ya kumpa kila mama fungu lake la fedha, niliwagawia vipande nilivyobakiza vya gunia la kamba nyekundu, nikawaomba wavitafune vikavu. Mke wangu, Mama Ester, alitema kiganjani.

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Ninyi mnaolima na mnataka kuuza wenyewe, nawaambia nililoliona. Kileni chakula chenu jinsi mnunuzi anavyokila, kabla hamjakipakia. Pimeni kwa kipimo anachoweza kukibeba. Kasoro itajeni kabla hajaikuta. Na mkikabidhiwa mali za wenzenu, fungueni za wenzenu kwanza. Mimi nilitanguliza yangu, na Mungu kwa wema wake akanionyesha palepale.

Jumamosi tulikata miti ya kujenga chanja, tuanike juu, mbali na mchanga. Wiki iliyofuata wingu la kwanza lilitokea, na lori likaja. Mama Doto alimpa mlanguzi kiti na maji ya kunywa, kama ilivyo adabu. Gunia la kumpa hakuwa nalo.